Kutoka upelelezi hadi mashtaka hadi uhakimu: hesabu ya miaka, vibali, na yanayokwamisha

Kifungu_cha_32 ameuliza:

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo wa watu wanaoijua njia hii vizuri, hapa kwetu Tanzania Bara.

Mfano ni huu: Koplo wa Polisi, umri miaka 33, miaka 9 kazini, mingi ameitumia upelelezi. Amemaliza shahada ya sheria Chuo Kikuu Huria huku akiwa kazini. Bado hajapita LST (Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo). Lengo lake ni kuhamia Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, baadaye uhakimu, na Mungu akijalia siku moja Mahakama Kuu.

Je, ile miaka 9 ya polisi inahesabika anapotafuta sifa za ujaji? Anaomba kazi kupitia tangazo kama raia mwingine, au anahamishwa ndani kwa ndani? Na kubwa zaidi: ni mazoea gani ya upelelezi yatakayomkwamisha akikaa meza ya mashtaka, na yapi yatamkwamisha akikaa kitini kama hakimu? Msinijibu kwa "inategemea" tu, tafadhali.

---

Masjala_ya_Wazi amejibu:

Mkuu, anza na Katiba kabla hujaandika barua yoyote. Ibara ya 109 inataka mtu awe na shahada ya sheria pamoja na mojawapo ya mambo haya: awe amekuwa hakimu, au amefanya kazi katika utumishi wa umma akiwa na sifa za uwakili au amekuwa wakili wa kujitegemea, au awe na sifa za kusajiliwa kuwa wakili. Na awe na sifa hiyo mfululizo kwa miaka isiyopungua 10.

Soma tena maneno "akiwa na sifa za uwakili". Jibu la swali lako la kwanza limo humo. Miaka 9 ya upelelezi bila LST haiingii kwenye hesabu, hata kama jamaa ameshika majalada mazito kuliko wakili yeyote wa wilaya. Shahada peke yake haitoshi. Upande wa pili, akimaliza LST na kupata sifa hizo angali askari, miaka inaanza kuhesabika hapo hapo, kwa sababu upolisi nao ni utumishi wa umma. Wengi wanaikosa faida hii: wanasubiri wahame kwanza ndipo waende LST, wanapoteza miaka mitatu minne bure.

Tupige hesabu yake. Ana 33. Kibali cha masomo na mwaka wa LST vikimfikisha 35, anatimiza sharti la miaka 10 akiwa na 45. Jaji wa Mahakama Kuu anastaafu akiwa na miaka 60, wa Mahakama ya Rufani 65. Kwa hiyo nafasi ipo, lakini kila mwaka anaochelewa kwenda LST unakatwa kwenye ile 15 iliyobaki. Katiba inampa Rais uwezo wa kulegeza sharti la miaka 10 baada ya kushauriana na Tume ya Utumishi wa Mahakama. Usipange maisha ya mtu kwa kutegemea msamaha huo.

Sasa vibali. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira kwa kawaida yana masharti mawili yanayochanganya watu. La kwanza linasema mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliyeko kazini serikalini. La pili linasema watumishi walioko kwenye nafasi za kuingilia (vyeo vya kuanzia kazi) wasiombe, wafuate utaratibu wa waraka wa mwaka 2010. Mtu anasoma la kwanza, anafurahi, anaomba, anakatwa kwa la pili. Kabla ya kubofya kitufe cha kuomba, apeleke barua kwa mkuu wake wa kazi, ipande ngazi kwa ngazi hadi Makao Makuu, akieleza sifa mpya na kada anayotaka. Askari haachi kazi kwa kuacha barua mezani. Akiondoka bila ruhusa ni utoro, na utoro ukishaingia kwenye jalada binafsi hakuna bodi ya usaili itakayolifumbia macho.

Kwenye jalada hilo hilo ahakikishe ipo barua ya ruhusa ya masomo ya ile shahada. Hili ndilo tatizo la waliosoma Huria jioni kimyakimya. Cheti ni halali, chuo kinatambulika, lakini kwa mwajiri elimu hiyo "haijulikani". Arekebishe mapema akiwa na mkuu anayemfahamu, asingoje tangazo litoke.

Mambo madogo yanayokata watu kwenye mchujo: kuambatisha matokeo ya muda badala ya cheti chenyewe, na majina kutofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa, kidato cha nne na shahada. Herufi moja tu inatosha. Hati ya kiapo ya majina iandaliwe kabla.

Na ajue cheo hakihami. Koplo au Mkaguzi, akiingia mashtaka anaanza Wakili wa Serikali Daraja la II, pamoja na vijana waliotoka chuo juzi. Mshahara wake ukiwa juu ya ngazi ya kuanzia, aombe kwa maandishi kubaki na mshahara binafsi, yaani aendelee kulipwa ule wa zamani. Asiseme "watajua wenyewe".

---

Ridhaa_na_Hati amejibu:

Mwenzangu kamaliza upande wa barua. Mimi nijibu la mazoea, upande wa mashtaka.

Kwanza mfumo wenyewe. Mkurugenzi wa Mashtaka yupo kwa Ibara ya 59B. Sheria ya Taifa ya Mashtaka ilitungwa 2008, na mwaka 2018 Ofisi ya Taifa ya Mashtaka ikawa ofisi inayojitegemea, ikatoka chini ya Mwanasheria Mkuu. Kusudi ni kutenganisha anayepeleleza na anayeshtaki. Zamani polisi alikamata, akapeleleza, na PP (mwendesha mashtaka) wa polisi akasimama mahakamani. Bado sheria inamruhusu Mkurugenzi kuteua waendesha mashtaka kutoka vyombo vingine kwa tangazo la Gazeti la Serikali, na kwa Koplo wako hiyo ni nafasi ya kujifunza akiwa bado na sare, kama ikipatikana. Lakini asiifanye ndiyo mpango wenyewe.

Tofauti kubwa ya kazi: mpelelezi huuliza "nani kafanya?" Wakili wa Serikali huuliza "nini kitapokelewa mahakamani, na nani atakitoa?" Unaweza kumjua mwizi kwa uhakika kabisa na bado usiwe na kesi.

Chukua hati ya ukamataji mali, karatasi moja tu. Mpelelezi anaona kaandika "simu moja nyeusi", katia saini, kamaliza. Weka karatasi hiyo mbele ya wakili wa utetezi. Nambari ya IMEI (ya kuitambulisha simu) haipo, kwa hiyo simu iliyoletwa mahakamani inaweza kuwa simu yoyote nyeusi. Saa ya upekuzi haipo. Saini ya mwenye nyumba haipo na hakuna maelezo kwamba alikataa kusaini. Shahidi wa kujitegemea ni jina moja lisilo na anwani, na hakuna wa kumtafuta miezi minane baadaye. Kifungu cha 38(3) cha CPA (Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai) kinataka stakabadhi ya kilichochukuliwa, yenye saini. Halafu fuata safari ya kielelezo: nani alikitoa eneo la tukio, nani alikipokea kituoni, kiliandikwa lini kwenye rejesta ya vielelezo, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu, lakiri ilikuwaje kilipofika. Mkono mmoja ukikosa maandishi, mnyororo umekatika. Kwa kitu kinachobadilishwa kwa urahisi kama unga au bangi, mahakama haina huruma.

Jingine ni maelezo ya onyo, yaani maelezo ya mtuhumiwa yanayoandikwa polisi baada ya kuonywa. Vitatu hapa vinaua kesi kila wiki.

Saa: kifungu cha 50 kinatoa saa 4 za mahojiano tangu mtu awekwe chini ya ulinzi, na cha 51 kinaruhusu kuongeza nyingine zisizozidi 8 kwa utaratibu wake. Muda wa safari kwenda kituoni hauhesabiwi, lakini lazima uonekane kwenye maandishi. Mtu kakamatwa saa 2 asubuhi, maelezo yameanza saa 11 jioni, na hakuna ongezo lililoandikwa: hapo unaanza kuomba huruma ya kifungu cha 169, kinachoiachia mahakama iamue kupokea au kukataa ushahidi uliopatikana kinyume cha utaratibu.

Cheo: Sheria ya Ushahidi inamtafsiri afisa wa polisi kuwa ni wa cheo cha koplo na kuendelea. Ungamo lililochukuliwa na konstebo halisimami. Koplo wako yuko salama hapa, lakini akikaa mashtaka akague cheo cha mwandishi kabla hata ya kusoma yaliyoandikwa.

Hiari: mshtakiwa akisema alipigwa, utakwenda kwenye kesi ndogo ndani ya kesi, na mzigo ni wako, si wake. Mpelelezi wa zamani ana tabia ya kumwamini mwenzake wa kituoni. Ofisini kwa mashtaka ile imani iwekwe pembeni kabisa. Muulize maswali yale yale atakayoulizwa na utetezi. Ukiona aibu kumuuliza ofisini, utaona aibu zaidi mahakamani.

Uhujumu uchumi nao una mtego wake. Bila ridhaa ya Mkurugenzi chini ya kifungu cha 26 cha Sura ya 200 (Sheria ya Uhujumu Uchumi), na hati ya kuipa mahakama ya chini mamlaka chini ya kifungu cha 12, mwenendo mzima ni batili. Mashahidi 15 wamesikilizwa, adhabu imetolewa, Mahakama ya Rufani inafuta kila kitu kwa karatasi mbili zilizokosekana au zilizotaja vifungu visivyo sahihi. Angalia na tarehe za hati hizo, na zipokelewe rasmi kwenye mwenendo.

Mwisho, hati ya mashtaka ikisema tukio lilikuwa Machi 3 na mashahidi wakasema Machi 13, badilisha hati chini ya kifungu cha 234 cha CPA mapema. Usijiambie hakimu ataelewa.

---

Kifungu_cha_32:

Nashukuru sana, hii ya cheo cha konstebo sikuwahi kuiona ikielezwa wazi hivi. Swali dogo: nambari za vifungu ziko vile vile kwenye toleo jipya? Na je, anaweza kuruka mashtaka, aende moja kwa moja uhakimu?

---

Ridhaa_na_Hati:

Nambari zangu ni za CPA toleo la 2022. Toleo la Marekebisho la 2023 lilianza kutumika Julai 1, 2025 na baadhi ya vifungu vimesogea. Kwenye usaili taja toleo unalotumia, maana ukitaja nambari ya zamani kama ndiyo ya sasa unaonekana husomi. La uhakimu nawaachia wenye kiti.

---

Mlinzi_wa_Amani amejibu:

Ndiyo, anaweza kuruka. Uhakimu una mlango wake: Tume ya Utumishi wa Mahakama, iliyo chini ya Ibara ya 112, mwenyekiti Jaji Mkuu. Hakimu Mkazi Daraja la II anaajiriwa kwa tangazo la Tume yenyewe, na utawala wake umo kwenye Sheria ya Usimamizi wa Mahakama ya 2011. LST iwe imekamilika.

Lakini ningemshauri apite mashtaka walau miaka mitatu. Anayetoka kituoni moja kwa moja kuja kitini ana tatizo moja gumu: anajua mno. Anasoma maelezo, anaona mbinu aliyoizoea mtaani, anajaza mwenyewe pengo ambalo upande wa mashtaka haukulijaza. Hakimu haruhusiwi kujua kitu ambacho shahidi hakukisema chini ya kiapo. Mashtaka humfundisha mtu kuona pengo na kuliacha lilivyo.

Kazi ya kila siku ya hakimu ni kalamu. Sheria kubwa utaifungua kitabuni, lakini mwenendo ukishaandikwa vibaya haurudi. Haya ndiyo yanayorudisha majalada kutoka juu (nambari zangu nazo ni za matoleo ya kabla ya lile jipya, na kifungu nisichokitajia sheria ni cha CPA):

Shahidi aape au athibitishe kabla ya kusema neno lolote, na iandikwe kwamba ameapa. Kifungu cha 198. Ukiandika ushahidi mzima, ukasahau mstari mmoja wa kiapo, ushahidi huo hauna thamani.

Mtoto wa umri usiozidi miaka 14 si lazima aape, lakini aahidi kusema ukweli na kutosema uongo, kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi, tangu marekebisho ya 2016. Usiandike "mtoto ana akili, ameahidi" ukaendelea. Andika maswali machache uliyomuuliza kwa lugha nyepesi, majibu yake, halafu ahadi yenyewe kwa maneno yake. Mashauri ya ubakaji wa watoto yameanguka hapa, na mtoto hawezi kurudishiwa siku ile. Hili ninaliomba kwa yeyote anayekwenda kukaa kitini: andika ahadi ya mtoto kwa ukamilifu.

Saini mwisho wa ushahidi wa kila shahidi. Kila mmoja, siyo mwisho wa siku. Kifungu cha 210. Jalada lenye mashahidi saba na saini moja halina uhakika wa nani aliandika nini.

Nyaraka ikishapokelewa, isomwe mahakamani kwa sauti. PF3 (fomu ya polisi anayojaza daktari), maelezo ya onyo, ripoti ya Mkemia. Isiposomwa, inatolewa kwenye ushahidi hata kama wote waliiona. Kwa PF3, mweleze mshtakiwa haki yake chini ya kifungu cha 240 ya kumwita daktari aliyeiandika, na uandike alichojibu.

Ukirithi shauri la hakimu aliyehamishwa, andika sababu ya kulichukua kabla ya kumsikiliza shahidi mwingine, kifungu cha 214. Sentensi mbili zinatosha. Zisipokuwepo, kila ulichofanya baada ya hapo kiko hatarini.

Mashtaka wakifunga, amua kwanza kama kuna kesi ya kujibu, ndipo umweleze mshtakiwa haki zake chini ya 231: kujitetea kwa kiapo, bila kiapo au kukaa kimya, na kuita mashahidi. Andika alichochagua.

Hukumu: kifungu cha 312 kinataka hoja za kuamuliwa, uamuzi juu ya kila hoja, na sababu. Askari wa zamani huandika hukumu kama ripoti ya upelelezi: simulizi ndefu ya tukio, kisha "kwa hiyo ninamtia hatiani". Utetezi haukugusiwa. Hukumu isiyopima utetezi inafunguliwa upya juu kwa urahisi. Itolewe ndani ya siku 90. Na tangu marekebisho ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili, isipokuwa haki ikihitaji Kiingereza, kwa hiyo aizoeze kalamu yake Kiswahili cha sheria kilichonyooka.

Nidhamu: malalamiko dhidi ya hakimu yanaweza kupelekwa Kamati ya Maadili ya Wilaya, ambayo mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, au ya Mkoa, chini ya Mkuu wa Mkoa. Aliyetoka polisi ana marafiki wengi kituoni. Salamu zibaki salamu. Simu ya "mkuu, lile jalada letu kesho" isijibiwe kabisa, na ikija tena aiandikie hakimu mfawidhi.

---

Nje_ya_Kizimba amejibu:

Naongezea la kujitoa. Akiwa hakimu au jaji, jalada lolote alilolipeleleza, alilotolea ushauri au alilosimamia mashtaka asilisikilize. Tatizo ni kwamba majina yanasahaulika baada ya miaka minane. Nashauri aweke daftari la nambari za majalada aliyoyagusa tangu sasa: nambari ya IR (ya jalada la polisi), kituo, mwaka, na nambari ya kesi ikishafunguliwa. Hakuna maelezo ya ndani, nambari tu. Siku shauri likija mbele yake atakuwa na pa kuangalia, na atajitoa siku ya kwanza badala ya baada ya mashahidi watano.

Kuhusu njia yenyewe kuwa halisi: Eliezer Feleshi alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka, akawa Jaji, kisha Jaji Kiongozi, na 2021 akateuliwa Mwanasheria Mkuu. Biswalo Mganga alitoka kwenye kiti hicho hicho cha mashtaka kwenda Mahakama Kuu mwaka 2021. Marehemu Augustino Ramadhani alikuwa Brigedia wa JWTZ na akawa Jaji Mkuu kati ya 2007 na 2010. Kwa hiyo sare haifungi mlango wa mahakama. Ila tazama, wote hao walishika sifa kamili za sheria mapema, wala hawakupandishwa ujaji kwa vyeo vya ukamanda.

---

Masjala_ya_Wazi:

Nimesahau mafao. Tangu 2018 watumishi wa umma wako PSSSF, mfuko wao wa hifadhi ya jamii: mwajiri anachangia asilimia 15, mtumishi 5. Akihama kwa kibali ndani ya utumishi wa umma, michango inaendelea kwenye uanachama ule ule, na miezi 180 inayotakiwa kwa pensheni haianzi upya. Ana miezi 108 tayari. Baada ya kuhama achukue taarifa ya michango na aikague mwezi kwa mwezi, hasa miezi miwili mitatu ya katikati, pale mwajiri wa zamani alipomwondoa kwenye orodha ya malipo na mpya bado hajamwingiza. Pengo likiwepo, alipeleke kwa maandishi kwa waajiri wote wawili mwaka huo huo, akiambatisha hati za mshahara.

---

Kifungu_cha_32:

Nimeelewa. Kwanza barua ya ruhusa ya masomo iingie kwenye jalada binafsi, halafu maombi ya LST, na daftari la nambari za majalada linaanza leo.